Makubadhi ya Bi Kidawa katika Nchi ya Papohapo

Mwenye masikio na asogee, mwenye usingizi na alale, hadithi hii haitamwamsha mtu. Mimi Sikudhani binti Mshamu, niliyesoma mpaka darasa la nne nikatoka humo najua kusoma, kuandika na kumjibu mwalimu, nimefika nchi ya Papohapo na nimerudi. Nilifikaje? Msiniulize. Njia ni njia tu: jua, vumbi, na mtu mbele yako anayekohoa. Nitaeleza niliyoyaona, na mwenye kubisha atabisha mwishoni, akinikuta.

Kwanza ile ramani yao. Katika kila ofisi ya Papohapo kuna ramani ya dunia ukutani, na duniani humo mna nchi mbili tu. Ya kwanza ni Papohapo, imepakwa kijani, imechorwa kila kisima na kila choo cha shule. Ya pili inaitwa Kwingineko, nayo ni karatasi yote iliyobaki, nyeupe pee, haina hata mto. Sisi kwetu ni Kwingineko. Nilimwambia karani mmoja, "Mwanangu, kwetu mto upo, tena una mamba." Akanijibu kwa adabu zote, "Mamba ni wenu, bibi. Hatuwezi kuwachora mamba wa watu."

Aliyenipeleka huko ni jirani yangu Bi Kidawa. Alizaliwa kwetu, akaenda Papohapo akiwa msichana, akafanya kazi ya ukunga katika hospitali ya serikali yao mpaka nywele zikawa pamba. Alipostaafu akarudi kwetu, akajenga karibu na wajukuu wake na, kwa bahati yake njema, karibu na mimi. Jioni tunacheza karata barazani kwake. Yeye huiba karata nami namwona, nami huiba naye ananiona, basi mchezo wetu ni wa haki kabisa.

Sasa nieleze kikapu, maana kikapu ndicho kilichotutoa majumbani.

Fedha ya Papohapo ni kauri, na mtumishi wa serikali akistaafu kule hapewi kauri za kuhesabiwa. Anapewa kikapu, na kila mwezi mpya ukiandama serikali inakijaza mpaka ukingoni. Kikapu chenyewe ameshakilipia. Muda wote wa utumishi wake alikuwa akisuka ukili, ule mkanda wa miyaa, majani ya mkindu, na kuupeleka ghala la serikali. Siku ya kustaafu, ukili wake unatolewa na kushonwa, mzunguko juu ya mzunguko, kinakuwa kikapu chake mpaka afe. Na kwa kuwa vitu hupanda bei na kauri huishiwa nguvu, kila mwaka kuna sherehe inayoitwa Siku ya Ukili. Siku hiyo kila kikapu kinaongezwa mzunguko mmoja juu, kiwe kirefu kidogo, kiingize kauri zaidi, mzee aendelee kula kama alivyokuwa akila. Mimi niliposikia mpango huo mara ya kwanza nilisema, hawa watu wana akili.

Akili hiyo inaishia mpakani. Mstaafu akihamia Kwingineko, kikapu chake kinajazwa na kuletwa na wachukuzi, hilo hawakosi. Ila hakiongezwi ukili tena. Kinabaki vile kilivyokuwa siku alipovuka. Bi Kidawa alipokuja kwetu, kikapu kile kilimlisha yeye na nyumba nzima, kikawashonea wajukuu sare za shule, na chenji ya tumbaku ikabaki. Miaka ikapita. Mchele ukapanda, mafuta yakapanda, fundi cherehani wa sare akaoa mke wa pili naye akapanda. Kikapu kimekaa pale pale. Kuku wangu siku moja alikizunguka, akakitazama ndani, akaona ni kidogo, akaenda kutaga kwingine.

Jioni moja Bi Kidawa akaweka karata chini.

"Sikudhani, nahama. Narudi Papohapo."

"Kwa nani? Huna mtu kule."

"Kwa ukili. Nikikaa kule watanishonea mizunguko yote niliyokosa, na kila mwaka wataniongeza. Nitakula kidogo, kauri nyingine nitawatumia wajukuu. Nitakaa hukohuko mpaka nife."

"Na wajukuu wenyewe?"

"Watakula."

"Na mimi?"

Akaanza kuzikusanya karata zake. Nilikuwa na karata nzuri mkononi siku hiyo, nzuri sana, nikashindwa kuzicheza. Nikamwambia, "Tutakwenda wote. Siku ya Ukili haiko mbali. Tutawaomba wakuongeze nawe ukiwa hukuhuku kwetu. Wakikubali, unarudi nami. Wakikataa, basi, utabaki." Akatikisa kichwa kukubali. Nami usiku ule nilizikunja nguo zangu huku nikiwaombea dua watu ambao sijawahi kuwaona.

Tulifikia kwa Bi Mwache, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi na Bi Kidawa, mwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Mwanamke mnene, mcheshi, akicheka anashika ukuta. Pale mlangoni kwake ndipo nilipojifunza sheria kubwa ya Papohapo.

Kule, kumhesabu mtu ni mwiko. Hata kwetu bibi yangu hakuwa akihesabu vifaranga wake, akisema ukiwahesabu unamwonyesha mwewe njia. Lakini Papohapo mwiko huo umeandikwa katika katiba. Ukimnyooshea mtu kidole ukasema "mmoja," unafungwa. Sasa serikali isiyohesabu watu itajuaje inatawala nani? Wakakaa, wakafikiri, wakaona kila mtu akiingia ndani huvua viatu mlangoni. Basi wanahesabu viatu. Kila jioni karani hupita nyumba kwa nyumba, anatazama vizingiti, anaandika. Jozi moja, mtu mmoja. Na sheria imesema kwa maneno machache, yamechongwa kwenye jiwe mbele ya baraza lao: ALIYEPO NI MWENYE VIATU MLANGONI.

Mimi nilikuwa nimekuja na makubadhi ya heshima na ndara za msalani. Zote nikazivua mlangoni. Karani akapita, akaandika. Papohapo humlisha mgeni usiku wake wa kwanza, hiyo ni desturi yao nzuri, basi magharibi ikaletwa sinia ya chakula. Sahani moja ya Bi Kidawa. Sahani mbili zangu.

"Bibi wa makubadhi," akasema mleta chakula, "karibu wali. Na bibi wa ndara yuko wapi?"

"Msalani," nikasema. "Ana tumbo. Weka tu."

Nikala zote mbili. Bi Kidawa, mtumishi wa serikali tangu utoto, hakupendezwa.

"Wewe mwanamke huna haya."

"Haya ninayo. Huyo mwenzangu wa ndara ndiye hana."

Bi Mwache akaushika ukuta.

Asubuhi tukaenda kwa Mkuu wa Vikapu, Mheshimiwa Kadiri. Mtu mzima, mvi zimeanza kumtembelea, ofisi yake ina joto la tanuri na yeye amekaa anasugua magoti. Alipomwona Bi Kidawa akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu geuka. Si wewe mtoto wa Mwanakombo wa Mtaa wa Chumvi? Mama yako nilimzalisha mimi. Ulitanguliza miguu wewe! Usiku kucha tunakuambia geuka, hugeuki."

"Wananiambia, mama."

"Ndiyo maana mnahesabu viatu," nikasema mimi. Mheshimiwa akatazama dirishani, lakini niliona mdomo wake ukitaka kucheka.

Bi Kidawa akaeleza shida yake. Kadiri akasikiliza kwa makini, akaandika, akafuta, kisha akasema kwa sauti ya pole, "Mama, kikapu kinaongezwa kwa sababu ya bei. Na Kwingineko hakuna bei."

"Hakuna bei?"

"Hatuna habari nazo. Na jambo ambalo serikali haina habari nalo, hatuwezi kusema lipo."

"Mheshimiwa," nikasema, "tungeomba barua yako, tumpelekee mwenye duka. Yeye hajaambiwa."

Akasugua magoti. Bi Kidawa akauliza mbona kuna mzee aliyefanya naye kazi, anakaa Kwingineko ya upande wa milimani, na yeye anaongezwa ukili kila mwaka kama walio ndani. Kadiri akasema hiyo ni kweli. Zamani watu wa milimani waliwaletea Papohapo zawadi ya ngamia, undugu ukafungwa, basi wastaafu wanaokaa milimani wanaongezwa.

"Na sisi?"

"Ninyi mlileta salamu."

"Ngamia mwenyewe yuko wapi?"

"Alikufa njiani, mama. Lakini alikuja kwa nia njema."

Akatuambia maombi yetu atayapeleka barazani, maana yeye peke yake hana uwezo. Tulipokuwa tunaaga, akanivuta pembeni. "Bibi, huko kwenu jioni kunakuwa na ubaridi?" Nikamwambia mpaka tunajifunika kanga mbili. "Na huo mto, mamba wakiondolewa, una samaki?" Nikamwambia kambare, mpaka wanasumbua. "Na majirani wana kelele?" Nikasema jirani yangu ndiye yule pale, ajionee. Nikadhani anatupeleleza. Nikajibu kwa uangalifu sana, yaani nikamwambia kila kitu.

Baraza la Papohapo lina utaratibu wa kusifiwa. Anayetaka kusema anapewa bakuli la uji wa moto, alishike kwa mikono miwili. Uji ukiunda utando juu, maneno yake yamekwisha. Wenye vidole laini husema ukweli haraka na kukaa. Wenye vidole vigumu ndio wanaoendesha nchi.

Siku hiyo kwanza yalisomwa matokeo ya Chungu cha Taifa. Chungu hiki hupikwa kila mwaka ili kujua maisha yamepanda kiasi gani, na ndani yake hutiwa kila kitu kinachouzwa nchini, au tuseme bei zake. Msomaji akasoma: mchele umepanda, mafuta yamepanda, mkaa umepanda, dawa ya mgongo imepanda. Lakini vinanda vimeshuka. Farasi weupe wameshuka sana. Kwa hiyo, ukichanganya na kukoroga, maisha yamepanda kidogo tu, na ukili wa mwaka huu utakuwa mwembamba.

"Mimi silambi kinanda!" Bi Mwache akapiga kelele kutoka nyuma. Akaambiwa hana uji.

Kisha likaja ombi letu. Bwana Shupavu, mjumbe mwenye vidole vya mhunzi, akashika bakuli. "Ndugu zangu," akasema, "tukiwaongeza waliotoka, kila mtu atatoka. Nchi itabaki tupu, na sisi tutabaki tukimtawala nani? Pili, aliyetoka amezikimbia bei zetu. Mtu aliyekimbia mvua haombi mwavuli."

"Huko alikokimbilia pia inanyesha!" nikasema. Nikaambiwa sina uji.

Bi Kidawa akaomba bakuli. Akapewa. Mikono yake iliyopokea watoto wa mji mzima ikalishika bila kutetemeka. "Wanangu," akasema, na hakuwa anakosea, maana nusu ya waliokaa pale walipitia mikononi mwake. "Sikuja kuomba sadaka. Ukili ule niliusuka mwenyewe, zamu za usiku, kati ya uchungu wa huyu na uchungu wa yule. Hamkuniuliza wakati huo nitazeekea wapi. Mlipokea tu. Sasa ninachoomba ni nizeeke karibu na watu wangu, nami nile. Basi."

Akarudisha bakuli uji ukiwa bado unafuka. Mjumbe mmoja akafuta macho, akasema ni mvuke.

Kisha wakakataa. Walikataa kwa huzuni kubwa, kwa sababu kukataa kwa furaha kule ni utovu wa adabu. Wakampongeza kwa utumishi wake, wakampigia makofi, wakasema akiamua kubaki Papohapo, Siku ya Ukili kikapu chake kitashonewa mizunguko yote aliyoikosa. Akishabaki.

Tukarudi kwa Bi Mwache. Bi Kidawa akapewa chumba cha uani. Akatundika kanga zake kwenye msumari, akanifungia furushi la wajukuu: kofia mbili, peremende, na zile karata zetu.

"Karata za nini?"

"Utapata mtu wa kucheza naye."

"Nitampata wapi mwizi kama wewe?"

Akacheka kidogo, akaniambia anakwenda sokoni kununua nazi, chakula chetu cha mwisho kiwe cha kueleweka. Akavaa mitalawanda ya Bi Mwache, vile viatu vya mbao vya uani, akapita mlango wa nyuma. Mimi nikakaa kizingitini nikitazama barabara, macho yamejaa, na wala haukuwa mvuke.

Karani wa viatu akapita. Akainama, akaandika huku akisema kwa sauti: "Bi Kidawa, yupo. Bibi wa makubadhi, yupo. Bibi wa ndara, yupo."

"Bi Kidawa hayupo, mwanangu. Amekwenda sokoni."

"Yupo, bibi."

"Nimemwona kwa macho yangu akitoka."

"Bibi, usinivuruge." Akanionyesha makubadhi ya Bi Kidawa pale mlangoni, yamepangwa vizuri, vidole vimetazama ndani. "Si haya hapa? Yupo."

Kitu kikanigonga kichwani kama nazi. Nikayafuta macho.

"Na kama sokoni penyewe ni mbali?"

"Mbali wapi?"

"Mbali kidogo tu. Tuseme Kwingineko."

Karani akacheka mpaka kalamu ikaanguka. "Nani atakwenda Kwingineko akaacha viatu vyake Papohapo?"

"Kweli, mwanangu. Labda mwehu."

Bi Kidawa aliporudi na nazi zake alinikuta nimekaa nacheka peke yangu. Nikamweleza. Akasimama, nazi mkononi, akasema nilichojua atasema. "Huo ni wizi, Sikudhani. Mimi nimekula kiapo cha serikali."

"Wizi ni kuchukua cha mtu. Ukili ni wa nani?"

"Wangu."

"Tena hatutajificha. Utatoka mchana kweupe, mbele ya wote, na kabla hujavuka utawauliza wenyewe: nipo, sipo? Wakisema hupo, utageuka, urudi kwenye msumari wako."

Akafikiri. Bi Mwache akasema viatu vitakaa kwake, kila asubuhi atavipangusa vumbi, na kikapu kikiletwa mlangoni atakipandisha kwa wachukuzi walewale. Mtu akishapokea kikapu chake, akikituma matembezi ni shauri lake. Bi Kidawa akakuna nazi yote. Mwisho akasema, "Nitauliza kwa sauti kubwa." Nikajua tumemaliza.

Siku ya Ukili ilifana. Ngoma, bisi, watoto wamepakwa rangi, mafundi wamekaa msururu na sindano zao. Vikapu vyote vikaongezwa ule ukili mwembamba. Kilipofika cha Bi Kidawa, wakashona mzunguko, wakashona mzunguko, fundi akabadilisha sindano, watu wakaanza kupiga makofi kila mzunguko ukifunga. Kikasimama kirefu kama mtungi. Kikajazwa.

Ndipo Bi Kidawa akakivua kilemba chake, akakifunga upya vizuri, akaanza kutembea kuelekea mpakani, ambako ni mwisho wa uwanja tu, kamba imevutwa chini. Pekupeku. Mimi nyuma yake na furushi, ndara zangu nimeziacha kwa Bi Mwache. Nyuma yangu Bi Mwache na kikapu kichwani, na nyuma yake watu wote, maana Papohapo hawana mengi ya kutazama. Akafika kwenye kamba, akageuka.

"Mheshimiwa Kadiri! Makubadhi yangu yapo mlangoni kwa Bi Mwache. Yatakaa hapo. Mimi nataka kwenda kuwaona wajukuu, na huenda nikachelewa kurudi. Nikivuka kamba hii, nipo au sipo?"

Ngoma zikanyamaza. Bwana Shupavu akaruka mbele. "Hayupo! Ni ujanja! Yeye anaondoka, tunamwona!"

"Viatu vinasemaje?" Kadiri akauliza karani.

"Vinasema yupo, mheshimiwa."

"Viatu vinadanganya!" Shupavu akapaza sauti. "Kuanzia leo tuache viatu. Tuhesabu vichwa!"

Laiti mngeuona uwanja ule. Akina mama wakawafunika watoto wao vichwa kwa viganja. Mzee mmoja akaingia chini ya meza ya bisi. Karani akaidondosha kalamu mara ya pili.

"Vichwa," Kadiri akasema polepole. "Sawa, Bwana Shupavu. Ni lazima tuanze na kimoja. Tuanze na cha nani?"

Shupavu akatazama huku na huku.

"Mtoa hoja ndiye hutangulia," nikasaidia. Safari hii hakuna aliyeniuliza uji.

Bwana Shupavu akaishika kofia yake kwa mikono yote miwili, akaivuta mpaka masikioni, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akapotea kati ya watu.

Kadiri akapanda juu ya kigoda. Akasugua magoti kwanza. "Sheria yetu inatazama chini," akasema, "haijawahi kutazama juu. Aliyepo ni mwenye viatu mlangoni. Viatu vipo. Kwa hiyo mama huyu yupo."

"Lakini, mheshimiwa, anavuka!" akasema karani.

"Nani?"

"Bi Kidawa."

"Bi Kidawa yuko kwa Bi Mwache. Andika."

Karani akaandika. Bi Kidawa akavuka kamba. Ngoma zikalipuka, na Bi Mwache hakuwa na ukuta wa kushika, basi akamshika Mheshimiwa.

Hiyo ndiyo safari yetu. Mwezi uliofuata kikapu kilikuja kirefu, wajukuu wakashonewa sare, na fundi cherehani akaacha kulalamika juu ya wake zake. Habari zikasambaa, kama zisivyokosa kusambaa mtu akiniambia nisimwambie mtu. Wastaafu wa Papohapo walioko Kwingineko yetu wakaanza kupeleka viatu. Wengine walikwenda navyo wenyewe, wengine wakawapa wachukuzi. Kizingiti cha Bi Mwache kikajaa, vikapangwa ukutani, vikafika sokoni. Bi Mwache anasema serikali imefurahi sana. Wazee wameongezeka nchini na ni raia bora kuliko wote: hawapigi kelele barazani, hawasukumani hospitalini, jioni wote wamo majumbani mapema. Mwenzangu wa ndara, nasikia, mwaka jana alipewa cheti cha utulivu. Nilijua ipo siku nitapata cheti, ila sikudhani itakuwa kwa jambo hilo.

Na juzijuzi, jua linapungua, tumekaa barazani tunacheza, nikamwona mtu anakuja njia ya mtoni. Anachechemea. Kila kokoto anaruka, nyayo zake laini kama za mtoto wa siku saba. Begani ana ufito mpya wa kuvulia samaki, na nyuma yake mchukuzi ana kikapu cha ukili mbichi, bado kinanukia miyaa.

"Shikamoo, mama," akasema Mheshimiwa Kadiri.

Bi Kidawa akamtazama toka kichwani mpaka chini, akaishia kwenye miguu ile iliyovimba.

"Marahaba, mwanangu. Umetanguliza miguu tena."

Tukampa maji ya kunawa, tukampa kanga ya pili maana ubaridi ulikuwa umeanza, na tukamwambia ukweli kwamba huku bei zipo. Akasema hana habari nazo. Kisha akajisogeza mkekani, tukamgawia karata. Tangu siku hiyo anafungwa kila jioni, kwa sababu hataki kuiba. Tunamwambia kila siku, mheshimiwa, jitahidi, cheza kwa haki kama wenzako.

Mwenye kubisha sasa na aje, baraza ni ileile. Ila viatu aviache alikotoka.